Gauni Alilovaa Kiboko Harusini

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na nini?
— Na jua la kiangazi, na harusi ya watu!
— Mmevaa?
— Tumevaa!
— Hambanwi?
— Hatubanwi!
— Basi kaeni vizuri, maana haya ninayokuja nayo leo hata mimi mwenyewe yalinikalisha chini.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanavaa nguo, alikuwako Nguchiro. Mnyama mdogo, mwembamba, macho hayatulii. Kazi yake kushona. Fundi Nguchiro alikuwa na cherehani ya mkono, mkasi, na ulimi. Nguo ikiwa kubwa anasema, "Utanenepa." Ikiwa ndogo anasema, "Itavutika." Na kama hajaigusa kabisa anasema, "Njoo kesho." Mafundi mnawajua, sina haja ya kuwaeleza.

Nguchiro huyu alikuwa amemlea mtoto wa marehemu dada yake, jina lake Mkiwa. Dada alipofariki, kale katoto kalikuwa hata macho hakajafumbua. Nguchiro akalea, akalea, mpaka Mkiwa akawa mwari wa kuposwa. Akaja kumposa kijana wa ukoo wa Kanu. Wakina Kanu mnawajua? Ngozi za madoadoa, mikia mirefu, na kujisikia kwingi. Siku ya posa, shangazi wa kijana, Bi Kanu, alikohoa kidogo akasema:

"Kijana wetu amependa, hatukatai. Ila nasikia binti hana watu. Sisi hatuoi kwa mtu asiye na watu. Siku ya harusi nitatazama sare. Nikiwaona ndugu zake wamesimama na sare yao, ndoa itafungwa. Nisipowaona, tunageuza na kijana wetu."

Maneno hayo aliyasema mtoto wa watu akiwa pale pale! Mkiwa aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea miguuni. Nguchiro akainuka, akasimama mbele yake.

"Watu wapo," akasema. "Wengi. Mtawachoka."

Uongo mtupu! Ndugu wa damu hakuna hata mmoja. Lakini majirani walikuwapo: Bi Kwale, Bi Kindi, Mama Panyabuku, Dada Digidigi, na wengine wa kutosha. Walipoambiwa, wakasema, "Kwani harusini mtu anaulizwa damu? Anatazamwa nguo. Atakayevaa sare ya bi harusi ndiye ndugu wa bi harusi. Tushonee!" Huyu akatoa mayai, huyu asali, huyu mahindi, wakaagiza jora zima la kitambaa kutoka soko la ng'ambo ya mto. Kitambaa chepesi, laini, rangi ya embe bivu, kimenyunyiziwa maua meupe. Nguo ya kiangazi hasa. Inakaa mwilini vizuri wala haimchomi mtu.

Shida ilikuwa mto, na mtoni alikaa Kiboko.

Kila kitu kilivushwa mgongoni kwa Kiboko, na kila kilichovushwa yeye alichukua chake. Ukivusha ndizi, anakula mkungu. Ukivusha boga, anakula boga, nawe unashukuru kwamba hakukula wewe. Wanawake walijua atakata kipande cha kitambaa, wakakubali. Lakini Kiboko alipoliona lile jora alilinusa. Akalikunjua. Akajitanda.

"Hili langu," akasema. "Mimi pia nimealikwa harusini."

"Lote?" akauliza Bi Kwale.

"Mwili wangu huu, nipunguze wapi?"

Toba! Jora lote! Nguo ya wanawake wa mtaa mzima, mtu mmoja! Bi Kindi alikaa chini puu! Mama Panyabuku alishika kichwa. Dada Digidigi alifungua mdomo, usifungike tena. Na harusi ilikuwa keshokutwa, jamani, keshokutwa!

Nguchiro akaiwaza ile siku ya harusi. Alimwona Mkiwa amekaa peke yake uwanjani, na wakina Kanu wanageuka na kijana wao. Kisha akajitwika cherehani yake kichwani.

"Unakwenda wapi?" wakamuuliza.

"Kumshonea Kiboko."

"Kumshonea! Umeingiwa na nini?"

"Njooni na sindano zenu, mkae nyuma ya matete. Kitakachoanguka, okoteni. Pindeni, vaeni. Na asitoe mtu sauti."

Akafika ukingoni.

"Hodi, Dada Kiboko!"

"Nani?"

"Fundi. Nimesikia una kitambaa cha haja. Nikaona kisije kikaangukia mikononi mwa mafundi wa ovyo."

Kiboko alimtazama juu mpaka chini, safari fupi sana. "Fundi, mimi nataka mambo mawili. Nionekane mwembamba, na nisisikie joto. Ukishindwa, nitakukalia."

Moyo wa Nguchiro ukapiga du! Akameza mate. "Kwa hayo mawili, dada yangu, umefika."

Akashona. Trrrr! Trrrr! Trrrr! Mikono mirefu, marinda manne, kola mpaka masikioni, na mkia wa gauni wa kuburura chini. Akamaliza siku ile ile. Hebu ngojeni, mmesikia nilivyosema? Fundi alimaliza nguo siku ile ile! Mimi ningekuwa Kiboko, hapo hapo ningetimua mbio. Lakini Kiboko hakushtuka, akavaa.

Jua lilikuwa limewaka hasa. Kiboko akaenda mtoni kujitazama kwenye maji. Akakanyaga chubwi! Maji yote yakawa tope, hakuona hata pua yake. Shingo nayo ndiyo ile, haigeuki. Akarudi.

"Fundi, napendeza?"

"Unapendeza, dada. Tena umepungua."

"Fundi, nimepoa?"

"Mwenyewe unajionaje?"

"Nachemka!"

"Ni mikono hiyo, dada. Wembamba wako wote umefichwa mikononi."

"Basi kata!"

Kacha! Kacha! Kacha! Mikono ikakatika, Nguchiro akairusha juu ya matete. Pu! Huko nyuma sindano zikaanza kwenda. Mkono mmoja wa Kiboko ulitoa gauni la Dada Digidigi. Mkono wa pili ulimvalisha Bi Kindi, ukambakizia na mtandio.

"Fundi, napendeza?"

"Unapendeza, dada. Tena umepungua."

"Fundi, nimepoa?"

"Mwenyewe unajionaje?"

"Nachemka!"

"Ni marinda hayo. Yanakuongezea mapaja, na Mungu alikwisha kukupa ya kutosha."

"Basi kata!"

Kacha! Kacha! Kacha! Yakaenda marinda. Pu! Mama Panyabuku akavaa rinda moja, akawafunga na watoto wake wote kwa yaliyobaki.

"Fundi, mbona nasikia upepo?"

"Ndiyo raha ya nguo ya kiangazi hiyo, dada. Nguo ukiisikia mwilini, ujue fundi ameharibu."

"Kumbe! Haya, kata na mgongo."

Kacha! Kacha! Kacha! Mgongo mzima wa Kiboko ukapaa, ukatua mbele ya Bi Kwale. Bi Kwale alipouona ule upana akasahau kila alichoambiwa. Akapiga vigelegele! "Kerereeee!"

Mama yangu!

Kiboko aligeuka mwili mzima. Akafungua mdomo, na mdomo wa Kiboko ukifunguka unaona mpaka chakula cha jana. Yale meno! Nguchiro alisimamisha manyoya yote, mkia ukawa brashi.

"Nani huko?"

"Wa—wanakuchungulia, dada. Wameona gauni lilivyokukaa, wameshindwa kujizuia."

Kiboko akafunga mdomo taratibu. Akatabasamu.

"Waache wachungulie," akasema. "Kata na tumbo."

Kacha! Kacha! Kacha! Likaenda tumbo. Kikaenda kifua. Ukaenda mkia wa kuburura. Mpaka jora lote likawa nyuma ya matete, na shingoni mwa Kiboko ikabaki kola. Kola tupu! Nguchiro akaikaza vizuri, ili mvaaji ajue amevaa.

"Fundi, napendeza?"

Nguchiro akatazama. Lahaula! Mapaja nje, tumbo nje, na huko kwingine msiniulize. Akajikaza.

"Dada, siku ya harusi wakikuona, hakuna atakayekuwa na la kusema."

"Na nimepoa! Fundi, nimepoa kabisa!"

Ikafika siku. Ngoma zinalia, pilau linanukia, jua linawaka. Mkiwa amekaa mkekani, kichwa kimeinama. Wakina Kanu wakaingia na kijana wao, Bi Kanu mbele. Hakuketi. Akatazama huku, akatazama huku.

"Haya. Watu wa bi harusi ni akina nani?"

"Sisi!"

Wakainuka. Mbele, nyuma, pembeni, uwanja mzima rangi ya embe bivu na maua meupe! Bi Kwale, Bi Kindi, Dada Digidigi, Mama Panyabuku na watoto. Hakuna aliyebanwa, hakuna aliyetoka jasho, kila mmoja kapendeza. Bi Kanu alirudi nyuma hatua, akamkanyaga mwenzake.

Mara ngoma ikakatika. Mpigaji alikuwa ameangusha fimbo.

Kiboko alikuwa ameingia.

Ameingia kwa maringo, kola shingoni, vingine vyote kama alivyozaliwa. Jamani! Wamama waliwaziba watoto macho. Mpishi alijimwagia mchuzi. Bwana harusi alitazama juu mbinguni kana kwamba anatafuta mvua. Hakuna aliyesema neno. Kiboko, kwa kuwaona wamenyamaza, alidhani ni kupendeza huko. Akageuka ili waone na nyuma.

Astaghfirullah!

Alipokuwa akigeuka ndipo macho yake yalipowaangukia wanawake. Rangi ile. Maua yale. Akautazama mshono wa begani kwa Digidigi. Mkono wangu ule! Akamtazama Panyabuku. Rinda langu lile! Akataka kujitazama mwenyewe, tumbo likamziba. Akajigusa mgongo, akakuta ngozi.

"Fundi," akaita, sauti ya chini kabisa. "Nimevaa nini?"

"Kola, dada."

Mdomo ukaanza kufunguka. Nguchiro alijua kinachokuja. Kiboko angenguruma, angedai nguo yake, kila kitu kingetoka hadharani: ndugu ni majirani, sare imepatikana kwa mkasi, na Mkiwa hana watu. Na Bi Kanu alikwisha kuuliza:

"Nini hiki? Huyu aliye uchi ni nani?"

Nguchiro akaruka juu ya kiti.

"Huyu ndiye dada yetu mkubwa! Tulikosa nguo, wageni wetu, tulikosa kabisa. Yeye akavua gauni lake la harusi akatukatia. Huyu mkono, yule rinda, yule mgongo. Hakujibakizia ila kola. Alisema heri yeye aaibike kuliko mwana wetu kuambiwa hana watu!"

Mdomo wa Kiboko uko wazi, neno halitoki. Angesema nini? Aseme, "Mwongo huyu, mimi ni mwizi"?

Bi Kanu alimtazama Kiboko, akamtazama, mpaka macho yakamjaa machozi.

"Ukoo wetu mkubwa," akasema, "lakini simjui hata mmoja ambaye angenivulia mimi leso yake." Akautoa mtandio wake wa hariri, akaenda kumfunika Kiboko. Ukafunika sikio moja. "Fungeni ndoa. Huyu binti ana watu, sisi ndio tutakaoulizwa kama tunao."

Mkiwa akainua kichwa. Tangu siku ya posa hakuwahi kukiinua vile. Nguchiro, fundi wa uongo wote ule, akalia kweli, mpaka Bi Kwale akampa pindo la gauni ajifute.

Na Kiboko? Walimletea kiti cha heshima, wakamwekea mbele kabisa, mahali ambapo kila mtu angemwona vizuri. Pilau likamfikia puani. Hakulila. Alirudi kinyumenyume, hatua, hatua, hatua, mpaka ukingoni, na watu wanampigia vigelegele vya shukrani njia nzima. Chubwi! Tangu siku hiyo jua likiwaka Kiboko hatoki mtoni. Anatoa macho na masikio tu, anawatazama wanaovuka wamevaa nini.

Sasa mnataka funzo. Najua, bila funzo hamlali. Funzo ni hili: fundi akikuambia nguo imekukaa vizuri, mwamini. Fundi hana sababu ya kukudanganya.

Nani kacheka huko nyuma?

Hadithi yangu naifunga uzi hapa. Ikikukaa, nenda nayo harusini. Ikikubana, njoo kesho.