Bwana Kurunzi na Gari Lililobaki

Uwanja wa kampuni moja ya kukodisha magari ulikuwa umefagiliwa tangu alfajiri. Magari yaliyostaafu yalipangwa mstari mmoja, yameoshwa yakatakata, kila moja likimeta juani kana kwamba halijawahi kukanyaga tope. Mara moja tu kwa mwaka kampuni iliyauza magari yake yaliyokwisha kutumika, tena kwa bei ambayo hata mtu wa mshahara wa kawaida aliweza kuitazama bila kukunja uso. Ndiyo maana watu walijazana langoni kabla hata komeo halijafunguliwa.

Utaratibu ulikuwa mwepesi, na muuzaji, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, aliutangaza mara mbili asije mtu akasingizia kwamba hakusikia.

"Funguo zote ziko kwenye ubao huu. Chukua ufunguo mmoja, ukalikague gari kwa raha zako. Ufunguo ukiwa mkononi mwako, hakuna wa kukusumbua. Lakini ukiurudisha ubaoni, umeliachia! Atakayeutwaa baada yako ndiye mwenye zamu. Tusije tukashikana mashati hapa, ndugu zangu."

Mbele kabisa ya umati walisimama mke, mume na mama mkwe, yaani mama mzazi wa mke. Mke alikuwa mwokaji wa keki za harusi. Alikuwa amekumbatia boksi tupu la keki, kubwa hata kidevu chake kikafichika nyuma yake, na watu walimtazama kwa mshangao. Wacha washangae! Yeye alijua alilolifuata. Mwenye ukumbi mkubwa wa sherehe alikuwa amemwahidi kwamba keki zote za ukumbini zitakuwa zake, mwaka mzima, ila kwa sharti moja: azilete mwenyewe, kwa gari lake, zikiwa nzima na kwa wakati. Mara ya mwisho alikuwa amekodi kigari cha mizigo, na keki ya ghorofa tatu ikafika imelala ubavu kama mgonjwa. Mwenye ukumbi alimpa nafasi moja tu ya kujisafisha, nayo ilikuwa Jumamosi ya wiki ileile. Siku ya mauzo ilikuwa Alhamisi. Maduka mengine ya magari, kwa mfuko wao, walikuwa wakiyapita kwa mbali tu.

Mume naye alikuwa mkaguzi wa mayai. Kutwa alikaa katika chumba cha giza akipitisha mayai mbele ya taa: lenye doa, pembeni, lenye ufa, pembeni. Kazini walimsifu sana. Balaa ni kwamba kazi hiyo alirudi nayo nyumbani. Alikagua nyanya, alikagua mashuka, alikagua hata wageni. Sebule yao haikuwa na pazia, kwa sababu alikuwa bado anachagua kitambaa. Na kwa kuwa kikurunzi chake hakikumtoka mfukoni, usiku wala mchana, majirani walimbandika jina la Bwana Kurunzi, nalo likamganda.

Muuzaji alipopiga makofi, mke alichomoka kama mshale, akautwaa ufunguo wa gari la rangi ya fedha. Alifungua buti, akalitumbukiza boksi lake. Likakaa tuli, bila kusukumwa wala kubembelezwa.

"Mume wangu, ndilo hili!" alisema huku akicheka peke yake. "Tazama, limeingia kama lilipimwa na fundi. Tumeshapata!"

"Polepole, mama. Haraka haraka haina baraka," alijibu Bwana Kurunzi, akawasha kikurunzi chake juani saa tatu asubuhi. Alimulika magurudumu, akamulika boneti, akapiga magoti akamulika chini. Alipofika mlangoni akashtuka kama aliyeona nyoka. "Umeona? Mkwaruzo! Hapa, chini ya kitasa."

Mama mkwe, mwanamke mkavu wa maneno machache, alivaa miwani yake, akainama, akatazama sana. "Mwanangu, mimi naona unywele."

"Si unywele, mama. Ni mkwaruzo. Gari la kukodi limepita mikono mia, kila mtu aliliendesha kama mali ya mwenzie. Likiwa na doa nje, ndani mna nini?"

"Lakini mayai unayoyakataa kazini ndiyo ninayopikia keki," mkewe alimkumbusha. "Umewahi kuona keki yenye doa?"

Bwana Kurunzi alikizima kikurunzi. Aliurudisha ufunguo ubaoni. Haukukaa hata nukta moja. Bwana mmoja aliyekuwa nyuma yao aliudaka ungali unaning'inia, akaenda zake dirishani kulipia. Mke alimeza mate machungu, akalibeba boksi lake.

Lililofuata lilikuwa gari la buluu. Boksi liliingia. Bwana Kurunzi alikaa kwenye kiti cha dereva, akainuka, akakaa tena, halafu akakimulika. "Kiti hiki kimekaliwa."

"Ulitaka madereva waendeshe wamesimama?" aliuliza muuzaji, aliyekuwa akipita karibu.

Ufunguo ukarudi ubaoni. Likaja gari jeupe. Boksi liliingia tena, na safari hii mke alifumba macho akaomba kimoyomoyo. Mumewe alisoma mita ya kilomita, akapiga mluzi mrefu.

"Hili limetembea mno."

"Baba, gari ni la kutembea," alisema muuzaji. "La kukaa ni kabati. Kila lilipotimiza safari zake tulilipeleka gereji, lihitaji lisihitaji. Mwulize mtu yeyote hapa."

"Nashukuru, dada, lakini limetembea." Na ufunguo ukarudi.

Ubao ulikuwa unazidi kuwa mtupu, na uwanjani magari yalikuwa yakiwashwa moja baada ya jingine, wenyewe wakipungiana mikono kwa furaha. Mke aliuona ufunguo wa gari la kijani, akaunyakua kwa mikono miwili. Gari hilo, wallahi, lilikuwa pambo. Bwana Kurunzi alilizunguka, akalizunguka tena. Alimulika kila pembe hadi mwanga wa kikurunzi ukaanza kuwa wa njano. Hakuona mkwaruzo, hakuona doa, hakuona kiti kilichochakaa. Jasho lilimtoka.

"Haya, baba watoto," mke alisema kwa sauti ya kutetemeka, "limekosa nini?"

"Halijakosa kitu."

"Alhamdulillahi!"

"Hapo ndipo panaponitia shaka," alisema Bwana Kurunzi akitikisa kichwa. "Gari la kukodi lisilo na doa hata moja? Hili lina siri. Mimi sinunui siri."

Mama mkwe aliketi chini palepale, kwenye lami, akashika tama. Kabla mke hajamzuia, mumewe alishafika ubaoni. Msichana mmoja wa saluni, aliyekuwa akiwasikiliza muda wote huku amebana kicheko, aliupokea ufunguo ule mkononi mwake Bwana Kurunzi, akamwambia, "Ahsante, mjomba," akaenda nao.

Walipoutazama ubao, ulikuwa umebaki ufunguo mmoja, nao ulikuwa na utepe mwekundu.

"Hilo nalo liko wapi?" aliuliza Bwana Kurunzi.

Muuzaji alikohoa kidogo. "Liko nyuma ya choo."

Lilikuwa jekundu la kuumiza macho. Ndilo gari ambalo kampuni ilikuwa ikilizungusha mitaani kujitangaza. Kwenye boneti palichorwa mdomo mkubwa unaocheka, meno thelathini na mbili nje, na ubavuni, kulia na kushoto, yaliandikwa maneno yaliyosomeka hata na asiyevaa miwani: NIKODI LEO! Ndani ya buti palichomelewa fremu ya chuma ya kubebea spika. Mke alijaribu kuliingiza boksi lake, akaligeuza, akalilaza, akalisimamisha. Halikuingia. Alilikalia boksi lile na kulia, machozi ya kweli, kwa maana Jumamosi ilikuwa kesho kutwa, na ahadi ya mwaka mzima ilikuwa ikimponyoka hivi hivi anaiona.

Bwana Kurunzi alisimama mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwasha kikurunzi. Alitazama uwanja uliobaki mtupu, akamtazama mkewe, roho ikamuuma kwelikweli. "Tulichukue," alisema kwa sauti ndogo. "Bora hili kuliko miguu."

Jumamosi adhuhuri walianza safari. Mke alishika usukani, mume akakaa pembeni yake, na mama mkwe akakaa nyuma na keki ya ghorofa tatu magotini, ameikumbatia kama mjukuu. Ndipo walipogundua jambo ambalo muuzaji hakulitaja: kila gari lilipokata kona kushoto, honi ililia yenyewe, tena kwa wimbo.

"Basi tusikate kushoto," alisema mke.

Na kweli hawakukata. Walikwenda kulia, kulia, tena kulia, wakauzunguka mji mzima. Walioliona gari walilisimamisha. Kwenye makutano, bwana mmoja mwenye sanduku alifungua mlango wa nyuma, akaingia, akajiweka sawa kando ya mama mkwe.

"Stesheni, tafadhali. Nimechelewa."

"Shuka, baba," alisema mama mkwe. "Hili halikodishwi."

"Mbona limeandikwa?"

"Limeandikwa na waongo. Shuka, usije ukaniegemea. Ukiigusa keki hii, utaoa wewe leo!"

Bwana yule alishuka mbio, sanduku kichwani. Mke alicheka hadi akaogopa kwamba angeuachia usukani, na hata Bwana Kurunzi, aliyekuwa amejikunyata kwa aibu, alijikuta akitabasamu.

Lakini mlango wa ukumbi ulikuwa upande wa kushoto, na hapakuwa na njia nyingine. Wageni walikuwa wamejipanga getini na nguo zao za heshima wakiwangoja maharusi. Mke alivuta pumzi, akakata kona. Honi ikaimba! Wageni wakageuka wote kwa pamoja, wakaliona gari jekundu lenye meno likiwajia. Watoto walipiga vigelegele na kulikimbilia. Mama mmoja akalitupia maua, akidhani ndimo walimo maharusi. Kati ya kelele zile alisimama mwenye ukumbi, mrefu, suti nyeusi, hacheki.

Mama mkwe aliteremka polepole, miguu imekufa ganzi, lakini keki ilikuwa nzima, ghorofa zote tatu, hata waridi moja la sukari halikuanguka. Mwenye ukumbi aliizunguka. Alitazama saa yake. Walikuwa wamefika kwa wakati, ila kwa kubahatika tu. Alikata kipande cha keki ndogo ya kuonjea, ambayo mke aliileta pamoja na ile kubwa, akakila, akafumba macho. Mke alimtazama mdomo, roho mkononi.

"Mama, keki nimezikubali," alisema hatimaye. "Zote, mwaka mzima."

Mke aliruka akamkumbatia mama yake. Mwenye ukumbi akainua kidole.

"Ila gari lile nisilione tena getini kwangu. Wageni wangu wanadhani nimeleta mazingaombwe. Kuanzia wiki ijayo dereva wangu atakuja kuzichukua keki kwako, na malipo ya usafiri atapewa yeye, si wewe."

Alipokwisha kuondoka, mke alisimama pale na furaha yake iliyopungua kipande. Kazi ameipata, ndiyo. Lakini alikuwa amejifunza udereva kwa ajili ya siku hii. Alitamani kufika na keki zake kwa gari lake, asimsubiri mtu. Bwana Kurunzi aliliona hilo usoni mwake, akamshika mkono mbele ya watu wote.

"Mke wangu, nimekukosea. Uliniletea magari manne mazuri, nami nikayagawa kwa watu. Nisamehe. Lakini hilo lisikutie simanzi. Fremu nitaing'oa, honi nitaitengeneza, na Jumatatu tunalipeleka likapakwe rangi nyingine. Mwenye ukumbi akiliona, hatalijua. Utaleta keki zako mwenyewe."

Uso wa mke ulichanua. "Kweli, mume wangu? Rangi gani?"

"Nyeupe," alisema Bwana Kurunzi bila kusita. Kisha akasita. "Ingawa nyeupe inashika vumbi. Labda nyeusi. Lakini nyeusi, mkwaruzo kidogo tu, unaonekana. Ya fedha nayo, ziko fedha za aina nyingi, ingefaa tuzilinganishe juani. Buluu sijui..."

Mama mkwe na binti yake walitazamana. Halafu waliangua kicheko, wakashikana mabega, machozi yakawatoka, na Bwana Kurunzi akaendelea kuhesabu rangi kwa vidole.

Mwaka wa sherehe umekwisha, na mwingine umeanza. Keki zinachukuliwa na dereva wa ukumbi kila Jumamosi. Gari lingali jekundu mbele ya nyumba yao, linacheka meno yote nje, na watu wangali wanaligongea dirisha kuuliza bei ya kwenda stesheni. Ama kwa hakika, mchagua nazi hupata koroma.