Mvua ya Mpira wa Maji

Wapo watu ambao wakipata chombo kizuri cha kazi hukiachia chombo hicho kazi yote. Kikiwa kizima, wanatamba. Kikiharibika, wanakunja mikono na kusema basi, riziki imekatika. Husahau kwamba kabla ya chombo palikuwa na mkono, na kabla ya mkono palikuwa na akili. Mmoja wa watu hao, au tuseme aliyeponea chupuchupu kuwa mmoja wao, alikuwa mpiga picha za harusi ambaye mtaa mzima ulimwita Jicho.

Jicho alianzia kazi katika studio ya kaka yake, chumba kimoja chenye pazia jeupe na kigoda kirefu, mahali pa kupigia picha za pasipoti. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wainue kidevu na wasicheke. Aliifanya mpaka moyo ukamkinai. Yeye alitaka kupiga picha za harusi kama sinema, watu wawili waonekane walikotoka, walivyokutana na walivyofika hapo walipo. Alipomweleza kaka yake, kaka alicheka akashika mbavu.

"Haya, mdogo wangu, nenda kafanye sinema," alisema. "Ikikushinda, kigoda chako kipo. Lakini ukirudi umerudi, sitaki tena kusikia habari za hadithi."

Jicho akaenda. Akiba yake yote ikaishia kwenye kamera kubwa ya video, na kamera hiyo akaienzi kama mboni ya jicho lake. Mtu akiisogelea na kikombe cha chai, alimfukuza.

Harusi ya kwanza aliyopewa ilikuwa ya fundi viatu na muuguzi. Hadithi yao ilimpendeza pale pale. Muuguzi alikuwa anatoka kazini, mvua ikamkuta njiani, na mkanda wa kiatu chake ukakatika. Akakimbilia kibanda cha fundi viatu, akakaa hapo mguu mmoja peku mpaka kiatu kilipokwisha, mvua ikiwa imeanza upya. Mengine ni historia. Jicho aliahidi kuigeuza kuwa sinema, nayo ingeonyeshwa ukumbini jioni ile ile ya harusi, mbele ya wageni wote.

Mama mzazi wa bwana harusi hakutaka hata kusikia. Alikuwa mama wa maneno machache na macho makali.

"Mwanangu, picha ni watu wasimame mstari, waonekane vichwa na miguu. Sasa nani kakuambia wageni wanakuja kutazama kiatu kilichokatika?"

"Mama, niamini. Jioni utafurahi mwenyewe."

"Nisipofurahi?"

Jicho alikuwa na ulimi mwepesi. "Usipofurahi, mama, hutaniona tena na kamera harusini. Nitarudi kwa kaka kupiga pasipoti mpaka nizeeke."

Mama akamtazama juu mpaka chini, kisha akageukia jamaa waliokuwa sebuleni. "Mmesikia wenyewe," akasema. Maneno yakishatoka hayarudi.

Asubuhi ya harusi, kabla watu hawajaanza kuvaa, aliwapeleka maharusi kibandani waigize siku ile ya kwanza. Kilichokosekana ni mvua. Anga ilikuwa safi, hata wingu la kusingizia halikuwapo. Basi akamwomba mdogo wake bwana harusi, kijana wa miraba minne ambaye wote walimwita Shemeji kwa kumfuatisha bibi harusi, apande ngazi na mpira wa maji anyunyizie juu ya bati.

"Shemeji, taratibu. Nataka manyunyu tu," Jicho alimwonya.

"Wewe niachie mimi. Mvua ya manyunyu itamwozesha nani?"

Na kweli, manyunyu yalipoanza, Shemeji akaona ni aibu. Akampigia jirani kelele afungue bomba mpaka mwisho. Lahaula! Mpira ulimponyoka mkononi, ukaruka huku na huku kama jogoo aliyechinjwa, na maji yote yakamwishia Jicho na kamera yake. Kioo cha kamera kikawa buluu, kamera ikatoa mlio mmoja mwembamba, ikazima.

"Imetosha?" Shemeji akauliza kutoka juu ya ngazi, akitweta kwa furaha.

Jicho aliketi chini kwenye tope la kujitengenezea akalia bila kuona haya. Hakumlaumu Shemeji. Nani alileta mpira wa maji karibu na kamera, kama si yeye? Mvua ya kweli ilikuwa imeacha mapenzi; ya kwake ya uongo ilikuwa imeacha msiba.

Aliwapigia simu wapiga picha wote aliowajua, na wote walikuwa kwenye harusi zao. Shemeji, ambaye sasa alikuwa mnyonge hadi kutia huruma, akapendekeza watumie simu yake na za rafiki zake.

"Video ya simu kila mgeni atakuwa nayo kabla jua halijatua," Jicho alisema huku akijifuta uso kwa kanga. "Hawa mimi niliwaahidi hadithi."

Mwishowe akampigia kaka yake. Kaka alikuja mbio na kamera ya pasipoti mkononi, nzee, isiyojua video, ipigayo picha moja moja. Hakucheka, na hilo lilimuuma Jicho kuliko kama angecheka.

"Ndiyo niliyo nayo," alisema. "Haitembezi picha, lakini inapiga."

Jicho akaipokea. Akaingia nayo chumba cha bibi harusi akiwa amekwisha kukata tamaa, akiwaza afadhali angalau mama apate picha zake za mstari. Huko alimkuta bibi harusi akipambwa, naye anamsimulia mpambaji kisa cha kiatu. Alikuwa anacheka, anajipigapiga mapaja kwa viganja, anaigiza sauti ya fundi viatu alivyomkaribisha: "Karibu dada, mvua haina adabu." Mpambaji alikuwa ameacha kupaka, wanja mkononi, anasikiliza mdomo wazi.

Jicho naye akasimama kusikiliza. Ndipo alipong'amua kosa lake kubwa kuliko lile la maji. Wiki zile zote alikuwa anahangaika kutafuta ngazi, bati na mvua, wala hakuwahi kuketi akawasikiliza watu hawa wakisimulia. Hadithi aliyokuwa anaiunda kwa mpira wa maji ilikuwapo tayari vinywani mwao.

"Dada," alisema. "Anza tena mwanzo. Kila kitu, usiache hata chembe."

Akatoa kinasa sauti kidogo kilichokuwa ndani ya mkoba wake, ambacho maji hayakukifikia. Akarekodi. Alipomaliza kwa bibi harusi akakimbilia kwa bwana harusi, akamrekodi peke yake, na huko alisikia jambo lililomfanya azibe mdomo kwa kiganja. Kisha akavuta pumzi, akamfuata mama.

"Mimi sina la kusema," mama alijibu.

"Siku ile ya mvua mwanao alirudije nyumbani, mama?"

Mama akavuta kiti, akaketi. Kisha akaanza kusema, na hakunyamaza upesi.

Tangu hapo Jicho alipiga picha kama mtu mwenye njaa aliyewekewa sahani. Kamera ile ya pasipoti haikuwa na mbwembwe, basi ilimlazimu asogee, angoje, achague. Alipiga picha vidole vya fundi viatu, vyenye sugu za uzi, vikihangaika na vifungo vya shati jeupe. Alipiga picha mikono ya mama ikimnyoosha mwanawe kola. Maharusi walipofungishwa ndoa, hakupiga picha za busu na makofi tu. Alimpiga picha Shemeji akilia kama mtoto nyuma ya nguzo. Baada ya hapo alijifungia stoo ya ukumbi, katikati ya viti vya plastiki, akawa anaunganisha picha na sauti kwenye kompyuta mpaka macho yakawasha.

Jioni ukumbi ulijaa. Taa zikazimwa, projekta ikawashwa, na picha ya kwanza ikatokea ukutani: kibanda cha fundi viatu, kimelowa, hakuna mtu. Ikakaa hapo.

"Mbona imeganda?" sauti ikauliza.

"Mtambo umekwama huo!"

Watu wakaanza kucheka chini chini. Jicho alikuwa amesimama kando ya projekta. Mama aligeuka akamtazama kwa yale macho yake. Kigoda cha pasipoti kilikuwa kinamwita.

Ndipo sauti ya bibi harusi ikasikika, kubwa, ikijaza ukumbi: "Mvua ilinipiga siku hiyo, jamani, acheni tu." Picha ikabadilika, uso wake anacheka kwenye kioo. Minong'ono ikakatika. Sauti ya bwana harusi ikadakia, na sauti hizo mbili zikapokezana, huyu akisema kiatu kilikuwa cha kulia, yule akisema cha kushoto. Watu wakaanza kucheka tena, ila sasa kicheko kilikuwa cha kweli. Kisha bwana harusi, kwenye ile rekodi, akashusha sauti:

"Hili sijamwambia mtu. Kiatu nilikimaliza mapema tu. Nikaona mvua inataka kukatika, nikakifumua. Nikakishona upya. Nikakifumua tena."

Bibi harusi aliruka kutoka kitini. "Wewe! Kumbe ulikifumua?"

"Mara mbili," alijibu mumewe, uso ameuficha kwenye meza. Ukumbi ulilipuka. Vigelegele, meza kupigwa, wazee kusimama. Mtu mmoja akapaza sauti, "Fundi huyo!"

Kelele zilitulia pale ilipotokea picha ya mikono ya mama kwenye kola ya mwanawe. Sauti yake ikaja, ya polepole.

"Siku ile alirudi amelowa chapachapa. Nikamuuliza, mwavuli wangu uko wapi? Akasema amempa mtu. Nilimgombeza mpaka usiku. Mwavuli wenyewe ulikuwa mpya. Kumbe ulikuwa umekwenda kuniletea binti, na mimi nalilia mwavuli."

Picha ya mwisho ilikuwa ya mama na bibi harusi wamekumbatiana, nyuso hazionekani, vidole tu vimeshikana mgongoni. Taa zikawashwa. Hakuna aliyepiga makofi mara moja, kwa sababu wengi walikuwa wanatafuta leso.

Mama alisimama. Akatembea mpaka kwenye projekta, machozi yanamtiririka wala hayafuti. Jicho akajikaza kupokea hukumu.

"Wewe mtoto," mama alisema, kwa sauti ya kusikika na wote, "rudisha mwanzo. Tuione tena."

Ukumbi mzima ukaitikia, "Tena! Tena!" Wakaiona tena, na baadaye wakaiona mara ya tatu, huku wengine wakiwatangulia wasemaji kwa maneno. Shemeji alimbeba Jicho juu juu akamzungusha. Kabla hajatua chini, wachumba wawili walikuwa wanamngojea wamwambie jinsi walivyokutana, na nyuma yao palikuwa na wengine. Kaka yake alimtazama kwa mbali, akatikisa kichwa, akasema kwa fahari iliyomshinda kuificha, "Huyo ni mdogo wangu."

Jicho alicheka na kulia kwa pamoja. Kamera yake kubwa haikufufuka kamwe, lakini kazi yake ilizaliwa siku ile ile ilipokufa kamera, naye hakurudi tena kwenye pazia jeupe. Hakika wahenga hawakukosea waliponena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.