Kindi Aliyefunga Fundo Kwenye Mkia wa Dunia

Ninayo, ninayo!
— Ilete, ilete!
Ina mkia mrefu.
— Uvute tuuone!

Hapo kale, Dunia alipokuwa bado anaongea na wanyama, paliondokea kindi mmoja, jina lake Kishungi. Mkia wake ulikuwa mnene na laini, na watoto wake watatu walijifunika huo walipolala. Asubuhi aliuchana, mchana akauchana, jioni akauchana, akiuliza, "Nani ana mkia kuushinda huu?"

Siku moja Dunia akamjibu, "Mimi."

Kishungi akacheka mpaka kitana kikamdondoka. "Bibi, wewe mviringo kama chungwa. Mkia utokee wapi?"

"Uko nyuma, hauonekani. Mzee Jua hunipulizia pumzi zake usoni, basi mkia unapeperukia kisogoni, upande wa giza, mpaka unaupita mwezi. Lakini usiuguse, mjukuu wangu. Jua akipuliza sana unavutika, na ukivutika sana unakatika. Hapo mimi natekenyeka vibaya."

Wivu ukamkaba Kishungi. Akazunguka mpaka upande wa giza, akapapasa, akapapasa, akaupata: mwepesi kama moshi. Akaudandia, akaufunga na wa kwake kwa fundo, apate kuipima vizuri mikia yote miwili.

Kumbe Mzee Jua alikuwa na mafua.

Jua akapiga chafya ya kwanza. Mkia ukavutika, ukawa kama kamba. Kishungi akaimba:

Taratibu, babu Jua,
mkia huu una wenyewe,
watoto wanajifunika.

Akapiga chafya ya pili. Mkia ukavutika, ukawa kama uzi. Kishungi akaimba tena, mbiombio.

Akapiga chafya ya tatu. Kishungi akafungua mdomo aimbe, mkia ukakatika katikati, pwaa!

Kipande cha nje kikaenda zake gizani na manyoya yote ya mkia wa Kishungi. Kipande cha ndani kikarudi kwa Dunia kasi kama mpira wa manati, Kishungi kaking'ang'ania. Dunia akatekenyeka utosini, akatekenyeka nyayoni, akacheka kwi kwi kwi. Na kila alipocheka, anga la utosini likawaka kijani, likawaka jekundu, likawaka zambarau, likayumba kama pazia dirishani. Na la nyayoni vivyo hivyo.

Kishungi akaangukia utosini, kwenye barafu, mbele ya dubu mweupe aliyejiziba macho. Enzi hizo dubu alikuwa na mkia wa kufagilia.

"Moto umezimika?" dubu akauliza.

"Moto gani, ndugu yangu?"

"Huo wa juu. Ukiwaka nadhani wenye mbingu wanakuja kunichoma. Sijapata usingizi tangu utotoni."

Kishungi alitaka kujigamba kwamba kauwasha yeye. Akatazama mkia wake, uchi kama wa panya. Akawakumbuka watoto, machozi yakamtoka, akasema kweli yote.

"Si moto. Mkia wa Dunia umevutika huko nyuma, mimi juu yake, ukakatika. Kilichorudi kimemtekenya. Ukiona taa huku kichwani, ujue kuna jambo mkiani."

"Kwa hiyo anacheka?"

"Anacheka."

"Hachomi mtu?"

"Hachomi."

Dubu akapiga miayo mirefu. "Umenipa usingizi. Nikupe nini?"

"Manyoya. Watoto wangu watalala na baridi."

Dubu akageuka akamwinamia. "Nyofoa. Mlalaji hafagii." Hata Kishungi hajamaliza kunyofoa, mwenzake anakoroma.

Kishungi akayabandika mkiani, akafika kwake na mkia mnene kuliko wa zamani. Watoto wakajifunika. Kisha mdogo akasema, "Baba, mkia unanuka samaki."

"Lala," akasema Kishungi.

Basi, wasikilizaji, mkiona makeke mbele ya mtu, msikimbilie kuogopa. Zungukeni nyuma mtazame kilichovutwa. Na mkiambiwa msiguse, msiguse.

Yangu imekatikia hapa, kipande kingine kimekwenda na upepo. Anayebisha aende akamuulize dubu. Mimi sina koti.