Jiwe Ndani ya Nepi

Wapendwa, nawasalimu katika jina la Bwana. Mimi si msemaji sana, kwa hiyo nimeandika, na ninaomba nisome.

Palikuwa na mama mmoja, tusimtaje jina, maana tukilitaja wengi humu wataitika. Alikuwa na mtoto wa kiume wa mwaka na miezi michache, na mtoto huyo alikula kila kitu isipokuwa chakula. Mkaa alikula. Udongo wa ukutani alikula. Siku moja alikutwa anatafuna ndala ya baba yake, ametulia kabisa kama mtu aliyealikwa harusini. Lakini mama akileta uji, mdomo unafungwa. Mama anaimba, anajifanya kuku, anaunywa uji yeye mwenyewe na kusema "mmm, mtamu huo," na mtoto anamwangalia tu kama anavyoangaliwa mtu aliyechanganyikiwa. Siku za karibuni ndiyo alizidisha: kijiko kikigusa ulimi, kilio, na uji wote unarudi kwenye kitenge ambacho mama ametoka kukifua. Mwishowe uji ule anaumalizia mama, amesimama, umeshapoa.

Kina mama, ninasema uongo?

Basi mtoto akawa hanenepi, akanenepa mama.

Sasa, mnalijua lile benchi la kwenye baraza la zahanati, siku ya kliniki. Mizani inaning'inia kwenye boriti, mtoto anatiwa kwenye ule mfuko wenye matundu mawili ya miguu, na mshale unaonekana na kila mtu. Sijui kama hata humu kanisani tunaomba kwa macho makali kama tunavyoutazama mshale ule. Mwezi uliopita, mtoto wa mama huyu aliponing'inizwa, mshale ulikuwa umerudi nyuma. Kwenye benchi alikuwepo mama mwingine, mwenye mtoto bonge, mashavu kama maandazi, naye akasema kwa sauti:

"Mwenzangu, uji unampa mtoto au unampa baba yake?"

Benchi zima likacheka. Mama yule naye akacheka, maana watu wakikucheka ufanyeje? Alikuja kulia njiani, na mtoto yuko mgongoni anamvuta sikio kwa furaha.

Siku ya kliniki ikarudi. Asubuhi hiyo palikuwa na ukungu na baridi kali. Mama akamwogesha mtoto, na wakati anamfuta maji macho yake yakaangukia jiwe la kusugulia miguu, lile la bafuni, laini, la kujaa kiganja. Akalitazama. Akaliosha. Akalizungushia kitambaa laini lisimuumize mwanawe, akalitia ndani ya nepi, akavuta chupi ya plastiki juu yake. Msimcheke sana. Hata katika kudanganya alikumbuka kitambaa laini. Mama ni mama.

Walipofika, nesi akatangaza: "Leo baridi, sitaki watoto waugue hapa. Vueni masweta tu, nepi acheni."

Moyo wa mama ukarudi mahali pake. Zamu yake ikafika, mtoto akaning'inizwa, mshale ukapanda. Nesi akamshika mtoto kwa chini amtoe, akasita.

"Mama, mbona huku chini kuna mzigo? Huyu ameshafanya mambo yake?"

"Ndiyo, nesi. Samahani."

"Usijali, ndiyo kazi yao. Ila ameongezeka! Hongera mama, endelea hivyohivyo. Tuonane mwezi ujao. Anayefuata!"

Yule mama wa bonge akamvuta kitenge. "Mwenzangu, umempa nini safari hii?"

"Uji tu."

"Uji gani huo, wa zege?"

Mama akatabasamu. Siku nyingi hakuwa ametabasamu kwenye benchi lile. Akaenda pembeni ya baraza kumfunga mtoto mgongoni.

Aliyefuata alikuwa binti mdogo, ana mtoto mwembamba na hakuwa na ujanja wowote. Mshale ulipanda kidogo ukasimama. Benchi likanyamaza, mnajua ule ukimya wa watu wanaosubiri kucheka. Lakini nesi hakumfokea. Alimwambia, "Njoo hapa karibu, mama. Anakula?"

"Hataki, nesi. Anatema. Nimejaribu kila kitu, nimechoka." Na machozi yakaanza.

Nesi akamfungua mtoto mdomo. "Njoo uone. Huu utando mweupe kwenye ulimi, na vidonda hivi ndani ya shavu. Mtoto anataka kula, inamuuma tu. Si wewe, mama. Si kosa lako. Nitakupa dawa, nitakuelekeza na uji wa kumpa, na wiki ijayo nitakuja kwako nimwone."

Pembeni ya baraza, mama wetu ameshika ncha za kitenge, hajazifunga. Amesikia kila neno. Mwanawe naye analia kijiko kikigusa ulimi. Mwanawe naye anatema.

Wapendwa, mtazameni hapo alipo. Alichokitaka amekipata: hongera mbele ya watu wote. Binti yule amepata aibu, na dawa, na nesi atakayebisha hodi kwake wiki ijayo. Kati ya hao wawili, nani anarudi nyumbani na kitu?

Mama akafunga kitenge, akatembea mpaka getini. Na kila akipiga hatua, jiwe linamgonga mgongoni. Akasimama. Nyuma yake ni benchi, na kicheko cha mwezi uliopita. Mgongoni ni mtoto ana njaa. Akageuka, akapita mbele yao wote.

"Nesi, naomba umpime tena."

"Nimeshampima, mama. Yuko vizuri."

"Hayuko vizuri."

Akaingiza mkono ndani ya nepi, akatoa jiwe, akaliweka mezani. Ko! Mpaka ndege wa kwenye bati waliruka.

Nesi akalitazama jiwe. Akamtazama mama. "Hili ni la nini?"

"La kusugulia miguu."

Nesi alijizuia, akajizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akajifuta macho, akampokea mtoto kwa mikono miwili, akasema polepole: "Mama, mizani hii haikupimi wewe. Tangu ifungwe hapa haijawahi kumpima mama yeyote. Inanionyesha mimi tu, leo nimsaidie nani. Sasa ukiniletea mtoto na jiwe, mimi nitibu jiwe?"

Akamfungua mtoto mdomo. Vidonda vilikuwepo, vilevile kama vya yule mwingine. "Dawa ipo," akasema. "Umewahi, mama. Atakula huyu mpaka umkimbie."

Ndipo benchi lilipoanza kuchezacheza. Mama mmoja aliinama akatoa betri za tochi kwenye soksi za mwanawe. Mwingine akachomoa kipande cha sabuni ya kufulia. Na yule mama wa bonge, ameangalia chini, akaanza kumvua mtoto wake nepi ya pili, halafu ya tatu, zote zimelowekwa maji makusudi, na chini yake akatokea mtoto wa kawaida tu, mwenye mashavu mengi na miguu myembamba.

Nesi akashika kiuno. "Haya, wote rudini kwenye mstari. Tunaanza upya."

Sasa tuje kwetu sisi.

Tukifika hapa Jumapili tunaulizana, "Hujambo? Nyumbani wazima?" Tunajibu, "Wazima kabisa, namshukuru Mungu." Na jiwe liko palepale. Hujalala tangu juzi. Asubuhi umemfokea mtoto kwa ajili ya kiatu kimoja, kisha ukajifungia chooni dakika mbili upate kuwa peke yako, na vidole vyake vidogo vikapita chini ya mlango vikikutafuta. Halafu unakuja hapa, unapiga magoti, na hata mbele za Mungu unajiongezea uzito. Unamwambia, "Asante Bwana, mimi niko vizuri." Naye ana dawa mkononi, anasubiri useme panapouma. Tunaogopa nini? Yeye hakuiweka mizani ili atucheke.

Lakini nisiishie hapo, maana sitakuwa nimesema kweli yote. Jiwe lile lilitoka wapi? Mnasema lilitoka bafuni. Mimi nasema lilitoka kwenye benchi. Siku tulipocheka, ndiyo siku tuliyomwokotea. Sisi tunaosema "mwanao mbona hajatembea," "wangu wote walinyonya vizuri," "siku hizi hamjui kulea," ndio tunaowajazia wenzetu mawe ndani ya nepi, na sisi wenyewe huku tumezificha tatu, zimelowa.

Kwa hiyo leo tukitoka, usimuulize mwenzako mtoto ana kilo ngapi. Mpokee mtoto. Mshike tu, mwambie mama yake, "Kaa hapo, kula kwanza, mimi ninaye." Akilia, alie. Akikutemea uji kwenye kitenge cha kanisani, umebarikiwa, umekuwa mmoja wetu.

Na kama mnataka kujua, mwezi uliofuata mshale ulipanda. Ulipanda kidogo tu, kwa uzito wa mtoto peke yake, na benchi zima likapiga vigelegele. Jiwe nalo liko bafuni. Linasugua miguu.

Amina.