Chumvi ya Mkono wa Rosanda

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wahenga waliosema hivyo hawakusema mtu atume mwingine, wala apige kelele mpaka kitu kitoke chenyewe. Walisema ainame. Na kuinama, jamani, ni kazi kubwa kwa mtu aliyezoea kusifiwa. Ukitaka ushahidi, huyu hapa Rosanda.

Kijiji chetu kiko nje kidogo ya Leskovac, kusini mwa Serbia. Septemba ikifika hakuna ua usiofuka moshi. Pilipili hoho nyekundu huchomwa, humenywa na kusagwa, kisha hukorogwa chunguni kwa mafuta na chumvi mpaka ziwe rojo zito tuliitalo ajvar. Ukiipaka kwenye mkate wa moto, utamkaribisha hata adui yako mezani. Kila mwanamke wa hapa anaipika, lakini Rosanda ndiye aliyekuwa na mkono. Kwenye mashindano ya tamasha la pilipili alichukua zawadi ya kwanza mara nyingi mpaka wenzake wakaanza kununa. Hakupima kitu maishani mwake. Chumvi aliichota kwa kiganja, akaitupa chunguni huku akizungumza na jirani.

"Mkono wangu ndio mizani," alipenda kusema, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Pamoja na sifa zote hizo, nyumba yake ilikuwa inaisha watu. Mumewe alikwisha fariki. Mwanawe Miodrag alikuwa dereva wa lori huko Austria, na sasa Slavica, mke wa Miodrag, naye alikuwa amepata kazi ya kutunza wazee katika mji wa Graz. Sanduku lake la safari lilisimama kando ya mlango, nusu limejaa. Kila Rosanda alipopita hapo moyo ulimwuma, ila mdomo ulikataa kukiri.

"Utaniacha na kuta, mwanangu?" aliuliza siku moja.

"Mama, hapa tutakula nini? Sifa zako?" Slavica akajibu. "Ipatikane kazi hapahapa, sanduku nalifungua leo hii."

Basi wanawake wa kijiji wakaunda ushirika ili wauze ajvar nje ya nchi. Akatafutwa mwalimu wa biashara ya kimataifa kutoka mjini, binti mmoja aitwaye Tijana, awe anafundisha jioni katika shule ya kijiji. Siku ya kwanza tu Tijana alisema kwamba mnunuzi wa mbali hanunui chupa moja bali ananunua ahadi kuwa chupa zote zitafanana. Rosanda akaangua kicheko.

"Binti, wewe unajua kuchoma pilipili?"

"Sijui, shangazi."

"Sasa utanifundisha nini mimi?"

"Kuuza, shangazi. Kupika unajua."

"Kizuri chajiuza!" Rosanda akasema, akatwaa mkoba wake na kutoka. Slavica alibaki ameinamisha uso kwa aibu.

Haukupita muda Tijana akampata mnunuzi, Bwana Sandell, mwenye maduka ya vyakula mjini Malmö, Sweden. Aliomba sanduku moja la sampuli, chupa zote za chungu kimoja. Wanawake wakazifunga vizuri. Lakini kwetu, zawadi iendayo mbali haitoki nyumba moja. Iwe ya harusi au ya msiba, kila nyumba hutia chake, la sivyo watu watasema kijiji kimegombana. Sanduku lilipopita kwa Verica, jirani yake Rosanda, Verica alitoa chupa moja akaweka yake, isije nyumba yake ikaonekana haipo. Nyumba iliyofuata ikafanya vilevile, na iliyofuata pia. Lilipofika kwa Rosanda, akaweka chupa yake ya kifuniko cha kijani juu kabisa. Hakuna aliyedhani amekosea. Kinyume chake, sanduku liliondoka na heshima ya kijiji kizima.

Siku ya kupiga simu ya video wote walijazana mbele ya kompyuta ya Tijana. Bwana Sandell alionekana ameshika kijiko, na Tijana akawa anatafsiri.

"Anasema amefungua chupa zote. Anauliza, ajvar yenu ni ipi?"

Wanawake wakatazamana.

"Anasema amekuta vyakula mbalimbali. Moja ina vitunguu saumu tele. Moja imemtoa machozi."

Verica akajikuna shingo, akatazama dirishani.

"Lakini ile ya kifuniko cha kijani, anasema hajawahi kuonja kitu kama hicho."

"Si nilisema mimi?" Rosanda aliruka kitini. "Kizuri chajiuza!"

"Hajamaliza, shangazi. Anataka shehena nzima ya hiyohiyo. Mwezi ujao anakuja mwenyewe, atafungua chupa zozote apendazo. Zikitofautiana, anakwenda zake."

Hapo kazi ikaanza. Kijiji kizima kilimenya pilipili, na Rosanda akapika chungu baada ya chungu, kiganja kikichota chumvi kama kilivyozoea. Verica alionja akatikisa kichwa.

"Cha leo si cha jana, shoga."

"Ulimi wako umechoka. Nenda kanywe maji."

Slavica hakubishana. Alichota kidogo kutoka kila chungu, akaweka kwenye visahani, akamwomba mama mkwe wake afumbe macho.

"Hii yangu," Rosanda alisema kwa cha kwanza. Cha pili akasita. "Yangu pia, ingawa... yangu." Alipotiwa cha tatu mdomoni alikunja uso. "Mh! Hii ya nani? Chumvi yote hii ya kuhifadhia nyama? Verica, hii yako, usinidanganye!"

Verica alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la pilipili.

"Ni yako, mama," Slavica alisema kwa upole. "Ya Jumanne."

Rosanda alifumbua macho, akakitazama kisahani. Aliumia, tena aliumia sana, kwa sababu aliyemshinda si jirani wala mwalimu bali ulimi wake mwenyewe. Aliingia ndani. Pale mlangoni lilisimama lile sanduku, na zamu hii hakuweza kujifanya hakuliona. Alikwenda chumbani akapiga magoti yaliyokuwa yakilia kwa uzee, akaingiza mkono mvunguni mwa kitanda, akavuta mizani ya marehemu mumewe. Marehemu alikuwa akiuza pilipili sokoni, na Rosanda alimtania miaka yote kwamba mpishi hapimi, mchuuzi ndiye hupima. Aliifuta vumbi kwa aproni yake.

Jioni hiyo aliketi benchi la mbele darasani.

"Tijana, mwanangu, nilikuwa na kiburi," alisema mbele ya wote. "Anza mwanzo."

Hawakuutupa mkono wake, la hasha. Slavica alishauri Rosanda achote chumvi kama kawaida, lakini aimimine kwenye mizani kwanza. Walipika na kuonja, wakapika na kuonja, hadi ikapatikana ladha ya kifuniko cha kijani. Kuanzia hapo kila chungu kilipata chumvi ya uzito uleule. Mkono ulitoa kipimo, mizani ikakitunza.

Darasani nako Rosanda akawa msumbufu kuliko wote.

"Lori likipinduka huko Hungaria, hasara ya nani?"

"Kulingana na mlivyoandikiana, shangazi. Mkiuza kwa bei ya langoni kwenu, mzigo ukishapakiwa ni wake. Mkiuza kwa bei ya mlangoni kwake, ni wenu mpaka ufike."

"Na akikataa mzigo umeshafika?"

"Shangazi, niache nimeze mate basi!"

Mnunuzi alifika. Rosanda alimmiminia rakija, pombe yetu kali ya matunda, maana kwetu mazungumzo ya biashara hayaanzi na koo kavu. Kisha Bwana Sandell akachagua chupa mwenyewe, moja ya chini, moja ya katikati, moja ya pembeni kabisa. Alionja polepole. Slavica alikuwa amesimama mlangoni karibu na sanduku lake, vidole vimeshikana. Mwishowe mgeni aliweka kijiko chini, akasema neno, na Tijana akatafsiri huku akitabasamu.

"Ni ileile."

Kisha mgeni akataja bei nzuri, pamoja na kufikishiwa mzigo Malmö. "Sawa!" Verica akaropoka, na Rosanda akamkanyaga mguu.

"Mwambie bei hiyo ni ya langoni pangu," alisema. "Akitaka tumfikishie, tutamfikishia, ila njia ina bei yake na bima ina bei yake. Mwanangu ni dereva, najua mafuta yanauzwaje."

Mgeni alicheka, akauliza bibi huyu alijifunza wapi biashara.

"Darasani!" Rosanda alijibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Benchi la mbele!"

Walipeana mikono kwa bei ya langoni. Shehena ilipopakiwa, kila chupa ikiwa na jina la kijiji chetu kifuani, wanawake walisimama kando ya barabara na aproni zao zenye madoa mekundu, vichwa juu, na Verica akalia bila kuficha. Nani angesema pilipili zetu zingekula meza moja na Waswidi? Hata mimi ninayesimulia hapa bado kifua kinanipanuka.

Jioni Slavica alilifungua lile sanduku lake, akarudisha nguo kabatini. "Mama, hili tupu niliweke wapi?"

"Lete." Rosanda alipiga magoti tena, akalisukuma mvunguni, pale ilipokuwa mizani, mpaka likagusa ukuta.

"Huko nitalifikiaje?"

"Ukilitaka, mwanangu, utainama kama nilivyoinama mimi. Haya, njoo, tunahitaji chungu kingine."

Naam, mtaka cha mvunguni sharti ainame.