Mamba Aliyeogopa Mdomo Wake

Paukwa!
– Pakawa!
Wenye watoto mgongoni, mpo?
– Tupo!
Wenye watoto tumboni?
– Tupo, tupisheni tukae!
Na ninyi mliokuwa tumboni juzijuzi tu?
– Tupooo!
Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale palikuwa na mto mpana, maji yake rangi ya chai. Kando ya mto huo aliishi Mamba. Alikuwa mke kijana, na mimba ilikuwa ya kwanza. Tumbo lilijaa mayai. Akitembea, yanamtangulia. Akilala, yanamlalia. Akichimba kiota leo, kesho mchanga haumpendezi.

"Huu una mawe," anasema. "Huu una unyevu. Huu... huu una kitu tu, sijui nini."

Rafiki yake alikuwa Kitwitwi, yule ndege mdogo wa ukingoni, miguu kama njiti. Kila siku jua likipanda, Mamba alipanua mdomo wazi. Kitwitwi akaingia, tip tip tip, akadonoa mabaki ya nyama katikati ya meno, akapiga soga humohumo ndani. Mamba akasinzia. Hivyo ndivyo walivyoishi tangu wakiwa wadogo.

Mimba ya kwanza haina siri. Majirani wakaja.

"Mwanangu," akasema Mama Kiboko, "mtoto akae ubavuni mwako. Usimwache hata kwa kupepesa jicho."

"Aka!" akasema Bi Kobe. "Fukia mayai, kung'uta mchanga, nenda zako. Mungu ndiye mlezi."

Msimcheke mtu. Watoto wa Kiboko hukua, na watoto wa Kobe hukua. Kila nyumba na desturi yake. Lakini mama yake Mamba alikuwa amehamia mabwawa ya juu, na Mamba alibaki na swali aliloona haya kumwuliza yeyote. Wanangu nitawabeba kwa kitu gani? Mikono ya kushika sina. Mgongo wangu una miiba. Nina mdomo tu.

Na mdomo wake aliujua. Ulivunja mifupa ya nyati. Watoto wa swala walifundishwa kuukimbia kabla hawajafundishwa kula majani.

Siku moja akajaribu. Chini ya mkuyu akaokota kuyu bivu, laini, akalitia mdomoni. Akajiambia, huyu ni mwanangu, nampeleka majini. Akapiga hatua. Moyo du! du! Lisianguke jamani, lisianguke. Akakaza.

Tapaa! Kuyu likapasuka, maji yake yakamtiririka kidevuni.

Mamba akalia. Watu husema machozi ya mamba ni ya uongo. Waliosema hivyo siku ile hawakuwepo.

Akataga. Akafukia. Akalinda. Mwezi ukaandama, ukapevuka, ukafa, ukaandama tena. Kadiri siku ilivyokaribia, ndivyo alivyozidi kuuogopa mdomo wake. Asubuhi moja akamwita Kima, aliyekaa juu ya mkuyu.

"Kima, shuka."

"Nishuke niwe staftahi? Sema, nakusikia hukuhuku."

"Nifunge mdomo."

Kima nusura aanguke. "Nikufunge nini?"

"Mdomo. Kwa kamba. Wanangu wakitoka nisije nikawadhuru."

Kima hakuwa mbaya. Aliona mama anaomba, akasaidia. Akasokota kamba ya ukindu, akashuka, akaizungusha kwenye mdomo wa Mamba, akaizungusha tena, akapiga fundo. Nanyi mjue: taya la mamba likifumba lina nguvu za kutisha, ila likifumbua halina nguvu hata za kukata ukindu. Mamba akajaribu. Wapi! Akashusha pumzi. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akalala usingizi.

Kitwitwi akaja, tip tip tip, akasimama.

"Shoga yangu, nini hiki?"

"Mmm."

"Kakufunga nani? Umetaka mwenyewe?"

"Mmm."

"Na mimi nile wapi? Tuongee vipi?"

Mamba akafumba macho. Kitwitwi akaruka kwenda ng'ambo, ana hasira kidogo na huzuni nyingi.

Kima naye hakuweza kunyamaza. Nani angeweza? "Nimemfunga Mamba! Mimi! Kwa mikono hii!" Mti kwa mti, tawi kwa tawi. Habari ikamfikia Kenge, na Kenge hupenda mayai. Tusimlaumu sana, naye ana tumbo. Lakini akaja. Akaja asubuhi ileile mchanga ulipoanza kuimba:

*Mama, fukua, fukua,*
*huku gizani, fukua,*
*mama, twataka jua!*

Mamba akafukua. Parr, parr, parr! Maganda yanapasuka, vichwa vinachomoza. "Ngwa! Ngwa!" Moyo wake ukajaa mpaka ukauma. Akainua macho, akamwona Kenge upande wa pili wa kiota, ulimi unachezacheza.

"Hongera, mama mzazi," akasema Kenge. "Nimekuja kukupokea watoto."

Mamba akazungusha mkia. Pwaa! Kenge akarukia kushoto. Pwaa! Kenge akarukia kulia.

"Mkia ni mmoja, mama, na kiota kina pande nyingi. Mimi sina haraka."

Na maji yalikuwa mbali kwa miguu midogo kama ile.

"MMMMM!"

Ng'ambo ya pili Kitwitwi akageuza shingo. Sauti ya shoga yangu hiyo. Prrr! Akatua juu ya pua ya Mamba. Hakuuliza. Hakumkumbusha mtu chochote. Ko! ko! ko! Akadonoa ukindu. Mkia pwaa! Mdomo ko! ko! ko! Kamba ikalegea, ikakatika, ikaanguka mchangani.

Mamba akafumbua mdomo. Akawatazama wanawe. Akaufumba tena.

"Siwezi," akasema. "Nilijaribu kwa kuyu, nikalipasua."

Kenge akacheka. "Watie tu, mama, watie! Utanipunguzia kazi ya kutafuna."

Kitwitwi hakumjibu Kenge. "Fumbua," akamwambia Mamba. Mamba akafumbua. Kitwitwi akaingia, akasimama katikati ya ulimi.

"Niko wapi?"

"Mdomoni mwangu," akajibu Mamba kutoka kooni.

"Naingia humu tangu lini?"

"Tangu tukiwa wadogo."

"Umenitafuna mara ngapi?"

"Hata mara moja," akajibu Mamba.

"Kuyu ulilipasua kwa kuwa ulikaza, na ulikaza kwa kuwa uliogopa. Mimi nikiwa humu hukazi. Unasinzia! Hata soga langu hulisikii. Basi usikaze, shoga. Usikaze."

Akatoka, tip tip tip.

Mamba akalaza kichwa mchangani. Akalegeza taya, kama wakati wa soga. Mtoto wa kwanza akapanda mwenyewe ulimini, kana kwamba njia aliijua siku zote. Wa pili akamfuata. Wa tatu. Wakarundikana, huyu mkia wake kwenye pua ya yule. Mamba akafumba, taratibu.

Juu ya mkuyu Kima akapiga yowe. "Anawala! Jamani, Mamba anawala wanawe! Heri ningepiga mafundo mawili!"

Mama Kiboko, aliyekuwa akitazama kutoka majini, akafumba macho. Bi Kobe, pale ukingoni, akaingiza kichwa ndani. Hata Kenge akaduwaa. Mamba alisikia yote. Angejibu nini? Mdomo umejaa watoto. Akatembea. Usikaze. Hatua. Usikaze. Hatua. Maji yakamfika kidevuni. Akafumbua.

Chubwi! Chubwi! Chubwi!

Wazima, wanaogelea, wanapiga kelele za njaa.

Mama Kiboko akafumbua macho. Akapanda ukingo, akaenda kukaa kitako katikati ya Kenge na kiota, na nani amzunguke Mama Kiboko akikaa? Mamba akarudi, akabeba. Akarudi, akabeba. Kiotani likabaki yai moja. Halikupasuka.

"Hilo limeoza," Kenge akasema nyuma ya Mama Kiboko. "Niachieni basi hilo moja. Nimetoka mbali."

Mamba akalisikiliza lile yai. Kimya. Akalisikiliza tena. Ndani kabisa, kisauti kama uzi: *fukua...*

Lakini mchanga wa kufukua haukuwepo tena. Ganda lilikuwa gumu, na mtoto dhaifu. Hapo palihitaji meno.

Akalitia yai mdomoni. Mamba akajiambia mwenyewe, moyoni: usikaze. Kisha akauma. Kidogo. Kidogo tu.

Tek.

Na ndani ya mdomo uliovunja mifupa ya nyati, mtoto akapiga chafya.

Kenge akaenda zake na njaa yake. Natumai alipata panzi njiani.

Siku zilizofuata Mamba hakulala. Watoto kichwani, watoto puani, ngwa huku, ngwa kule. Mama Kiboko akaleta ushauri, Bi Kobe akaleta mwingine. Akawasikiliza wote, akashika ule alioweza. Jua likipanda alipanua mdomo, Kitwitwi akaingia kupiga soga, na watoto wakaingia nyuma yake kusikiliza umbea.

Kisha Kima akashuka, safari hii mpaka chini kabisa, ameshika kuyu bivu.

"Mama, nisamehe. Nilikupigia mayowe mbele za watu."

"Ulisema ulichokiona," akasema Mamba. "Hata mimi nilijiona hivyohivyo."

Akalipokea kuyu kwa meno. Akatembea nalo mpaka majini, akaliweka mbele ya wanawe. Halikuwa na hata alama ya jino.

Funzo ni hili, wakubwa kwa wadogo. Mzazi wa mara ya kwanza huiogopa mikono yake mwenyewe, na si kosa. Huogopa kwa sababu anapenda. Asijifunge kwa hofu hiyo. Awe na mwenzake wa kumwambia, na asikaze. Na sisi majirani, tukimwona mama amembeba mwanawe kwa namna tusiyoizoea, tusipige yowe kabla hajafika majini.

Hadithi yangu imeishia hapo, palepale ukingoni. Mwenye mtoto aliyelala na ainuke taratibu, asimwamshe.