Mguu Sawa

Mtu mmoja, Kalokola, alikuwa na baba aliyekwenda vitani akiwa kijana. Baba huyo alirudi, akalima migomba yake, na habari za vita hakuzigusa hata siku moja. Ilipotangazwa kwamba mashujaa wa zamani wataheshimiwa mjini, mwana alifurahi kuliko baba. Akamnunulia koti, akampandisha basi, akamkalisha mstari wa mbele chini ya turubai. Sikatai kwamba alimpenda mzee wake, lakini alitaka pia kuonekana naye.

Ofisa akapaza sauti: "Mashujaa, mguu sawa!" Wazee wakainuka. Wakavishwa nishani, makofi yakapigwa, vigelegele vikasikika hadi barabarani. Kisha pilau ikaletwa, na ofisa akashika njia ya meza kuu bila kusema neno jingine. Wazee wengine wakaketi wenyewe. Baba yake Kalokola hakuketi. Alibaki wima, kidevu juu, mikono imebana mapaja.

Kalokola kwanza aliona haya, kisha akaogopa. Akambembeleza baba yake, akamvuta koti, akamsogezea sahani karibu na pua. Mzee akazidi kujinyoosha. Mwana akachanganyikiwa kabisa. Je, ni uzee umemzidi baba, au ni yeye aliyeishi na mtu huyu miaka yote asimjue? Waliokuwa karibu walicheka kidogo, wakaendelea kula. Mwishowe akamnong'oneza amri aliyozoea kuisikia kwenye magwaride: "Mguu pande, Baba."

Mzee akamtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto aliyekosea mlango. Akasema, "Mwanangu, aliyenipeleka kule hajaniambia nirudi."

Kalokola akakimbilia meza kuu. Ofisa alikuwa ana tonge mdomoni; akamwashiria kwa mkono asubiri. Kalokola aliporudi, baba yake alikuwa ameanguka, watu wamemzunguka, na mikono yake ilikuwa ingali imebana mapaja.

Hakufa. Yuko nyumbani, analishwa kwa kijiko, na hata kitandani hulala amejinyoosha. Kila asubuhi Kalokola husimama mlangoni asijue amwambie nini, maana ruhusa ile haimo mikononi mwake.

Ndugu zangu, nishani tumempa na makofi tumempigia. Nani kati yetu aliyemtuma, aende amwambie kwamba vita vimekwisha?